Nilimwambia Jumanne

Jumatatu, 9 Machi

Kaunta tena. Kila Jumatatu ya mwisho wa muhula nawafanyisha mwaka wa tatu wa famasia mazoezi ya kumhudumia mgonjwa. Mimi mgonjwa, wao watoa dawa. Saumu imetuchosha sote, koo kavu, na bado kila mtu anataka kufaulu bila ya kusoma.

Leo nilimtega kila mmoja wao. Cheti cha dawa ya mtoto, dozi imeandikwa mara mbili ya inavyotakiwa. Walinisalimu vizuri sana, wakaniulizia wazee na watoto, kisha wakanipa dawa ya kumuua mwanangu. Mwanakheri peke yake hakunisalimu. Alikichukua cheti mkononi mwangu, akakisoma, akakirudisha. Akasema dozi si sahihi, nirejee kwa daktari. Hakuniangalia hata usoni.

Karatasi ya alama ina sehemu ya kumpokea mgonjwa. Hapo nimempa sifuri, kwa sababu ndiyo haki yake. Imeniuma mchana kutwa.

Jumanne, 10 Machi

Ugomvi katika chumba cha walimu. Mwanakheri amempita Mkuu wa chuo ukumbini bila ya shikamoo. Si mara ya kwanza. Mkuu, Mwalimu Haroub, si mtu mbaya, lakini ni mtu wa mji huu. Hapa ukishindwa hesabu utafundishwa. Ukimpita mkubwa wako kimya, wewe na aliyekulea mmekwisha.

Nimesema kwa mara nyingine tena kwamba ana usonji. Daktari aliandika hivyo tangu mwaka wake wa kwanza. Mwenzangu mmoja akauliza, usonji ndio unamzuia mtu kusema shikamoo? Ndiyo, nikamwambia, na wewe ni nini kinakuzuia kusoma? Nisingesema hivyo. Nimefunga, na ulimi haujafunga.

Mwanakheri kwao Kizimkazi. Siku za masomo anakaa kwa mama yake mdogo, hapa mjini. Alipokuwa mdogo walimpeleka kusomewa, wakidhani ana jini. Jini halikutoka kwa sababu halikuwamo. Nampenda mtoto huyu, na sina sababu kubwa. Hasemi uongo. Katika watu ninaokutana nao kwa siku, wa aina hiyo ni wachache.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeanza kumfundisha maamkizi baada ya masomo. Tunakaa kauntani, chumba kitupu, feni imezimwa kwa sababu sauti yake inamuumiza.

Nikamuuliza, habari za nyumbani? Akanijibu zote. Mbuzi amekufa, mama anaumwa mgongo, mwani umeoza baharini kwa maji ya moto. Nimecheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Akaniuliza, kama mtu anaumwa na anasema hajambo, huo si uongo? Na mwezi wa Ramadhani?

Baadaye nikamwambia salamu ni kama hodi. Hakuna anayeuliza hodi maana yake nini, unapiga ili mwenye nyumba ajue umefika. Akafikiri. Akasema basi ataipiga. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni, akanigeukia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu Zuhura." Saa ya kuondoka! Nimeitikia marahaba kama vile nimepewa dhahabu.

Jumatatu, 16 Machi

Tangazo la mtihani wa vitendo limebandikwa. Siku ya kwanza ya kazi baada ya Sikukuu. Sikukuu ni siku nne, kwa hiyo Jumanne, au Jumatano, kwa kuandama mwezi. Hakuna aliyeshangaa. Tumezaliwa hivi, harusi zetu na safari zetu zote zinangoja mwezi.

Mwanakheri amekuja mezani kwangu asubuhi. Siku gani? Nikamwambia inshallah Jumanne. Akauliza, inshallah ni ndiyo au ni labda? Nikamfukuza kwa upole. Akarudi adhuhuri. Akarudi tena, na safari hii alikuwa amejikuna kifundo cha mkono mpaka damu. Mama yake mdogo anasema hali daku, hafuturu vizuri, anapiga hesabu za siku kwa sauti.

Mtihani huu ndio wa mwisho. Akiukosa hana cheti, na bila ya cheti hapati leseni, na bila ya leseni atarudi Kizimkazi kukaa chumbani, na watu watasema si tuliwaambia. Nilimwona anatetemeka. Nami nina kiu, kichwa kinauma, nataka atulie tu. Nikamwambia Jumanne. Hakika? Hakika.

Alitulia palepale. Mabega yakashuka, akaenda zake. Nilijisifu. Kila mtu anasema mwezi wa mwaka huu utaandama Alhamisi, hata mume wangu ambaye hajui mwezi wala jua.

Alhamisi, 19 Machi

Haukuandama. Mtaa mzima ulipanda juu ya mapaa baada ya magharibi, watu wanaelekeza vidole mawinguni. Tumesubiri redio mpaka baada ya isha. Hakuna aliyeuona, si huku wala Pemba. Tunakamilisha thelathini. Sikukuu Jumamosi. Mtihani Jumatano.

Seif, mume wangu, anafurahi kapata siku moja zaidi ya thawabu. Nimempelekea Mwanakheri ujumbe, yuko kwao Kizimkazi tangu jana. Ameusoma. Hakujibu.

Ijumaa, 20 Machi

Nimempigia mama yake, Bi Mize. "Nshamwambia, Mwalimu. Nimemwambia mwezi haukuandama, kanyamaza. Wewe unamjua. Pika vitu vyako, Sikukuu hiyo."

Nimepika. Maandazi yameungua upande mmoja.

Jumamosi, 21 Machi

Sikukuu mosi. Wageni tangu swala. Nimechoka kucheka.

Jumanne, 24 Machi

Sikukuu nne. Siwezi kuiandika vizuri lakini nisipoiandika leo nitaanza kuipamba.

Mzee Kombo, mlinzi wa chuo, alinipigia simu asubuhi. "Mwalimu, njoo. Mwanafunzi wako yupo mlangoni hapa, na mie sina la kumfanya." Nilikuwa nimeshavaa, nimejifukiza udi, tunangoja kwenda kwa wakwe. Nilitoka na viatu vya Sikukuu, mbio katika vichochoro, watu wananicheka.

Alikuwa amevaa koti jeupe la maabara, limepigwa pasi. Kitambulisho kifuani. Paji la uso amelikita kwenye mlango wa chuo, mikono masikioni, anajipigiza polepole. Watoto wamejaa uchochoroni na filimbi zao za Sikukuu na mapulizo, kila mmoja anapuliza kwa nguvu zake zote. Wanawake wawili wamesimama wanasema masikini, huyo ana kitu, asomewe. Na kijana mmoja, mtu mzima na ndevu zake, anampiga picha kwa simu. Nilimnyang'anya ile simu nikaifuta picha mbele ya macho yake. Nilimwambia maneno ambayo hayasemwi Sikukuu. Sijutii hata moja.

Nilipomkaribia alirudi nyuma. Udi wangu. Nilikuwa nanuka kama chumba cha biharusi. Nikakaa chini mbali kidogo, juu ya mawe, na gauni langu.

Nikamwambia, Mwanakheri, ni kesho. Mwezi haukuandama. Akasema anajua. Kwa nini umekuja basi? Hapo ndipo aliponiangalia, mara moja, machoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue.

"Mwezi haukuniahidi kitu. Wewe umeniahidi. Umesema hakika."

Aliondoka kwao alfajiri bila ya kumwambia mtu, peke yake, akabadilisha gari mbili, kelele zote hizo. Kwa ajili ya neno langu. Ahadi ni deni, tunawaimbia watoto wadogo. Nani kati yetu anaamini?

Mzee Kombo alitufungulia. Mwanakheri aliingia chumba cha kaunta, akasimama mahali pake, akangoja. Nilitaka kujifanya mgonjwa, nimpe japo mtihani wa uongo. Nikaona ningekuwa naongeza kosa juu ya kosa. Nikampigia simu Bi Mize, tukakaa mpaka alipokuja kumchukua, kanga mbichi kiunoni, hata nguo ya Sikukuu hakuivaa. Hawakuniaga. Yeye kwa kawaida yake, mama yake kwa makusudi.

Jumatano, 25 Machi

Mtihani. Jina lake limeitwa. Hakuja. Msimamizi ameandika hayupo.

Nimewasimamia wengine mchana kutwa. Wote wamesalimia vizuri.

Alhamisi, 26 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu. Nilipanga kuanza na ugonjwa, na sheria za watu wenye ulemavu, na kadhalika. Nimeishia kumwambia ukweli. Kwamba nilimwambia Jumanne, na hakika, nami sikujua. Kwamba kosa ni langu na adhabu anaipata yeye.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza swali ambalo usiku huu bado najiuliza. "Sawa, Bi Zuhura. Kesho yuko dukani, dawa iliyoahidiwa haikuja na meli. Mgonjwa kasimama. Naye mpango wake umevunjika. Atafanya nini? Atajipigiza mlangoni?" Nikasema atafundishwa. Akasema, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wewe umemchelea."

Nilikasirika kwa sababu ni kweli. Methali hiyo tunawatupia wasiopiga watoto wao. Mimi nilimchelea kwa njia nyingine. Sikutaka kumwona akitetemeka, nikampa neno tamu. Na ndivyo tunavyofanyiana sote hapa. Naja sasa hivi. Itakuwa tayari kesho. Usijali, utapata. Tunapozana. Mwenye kuambiwa anajua kulikata neno nusu. Yeye hajui, na hatujamfundisha, na tunamwita mgonjwa yeye.

Mkuu amesema atafikiri.

Jumamosi, 28 Machi

Kizimkazi. Sikualikwa.

Bi Mize alikuwa uani anaanua mwani. Shikamoo, marahaba, basi. Nikachuchumaa nikaanua naye, vidole vyangu vya mjini vikachubuka. Nikamwomba radhi. Akaendelea kuanua.

"Watu wengi wamenidanganya juu ya mtoto huyu, Mwalimu. Waganga, masheikh, madaktari. Usonji, nshalisikia jina, jina halimvushi mtu. Wewe nilikuona tafauti." Akapangusa mikono. "Nenda kazungumze naye. Yumo ndani. Usimguse."

Nilikaa kizingitini. Yeye kitandani, uso ukutani. Sikutafuta maneno matamu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu labda. Nikamwambia nilisema hakika bila ya kujua, nilitaka unyamaze. Nikamwambia sijui kama utapata mtihani mwingine. Sijui lini. Sijui Mkuu atasema nini.

Nilidhani atajikuna. Hakujikuna. Akauliza, "Sijui hiyo ni sijui kweli?" Nikasema kweli. Akasema sijui kweli ni afadhali, kwa sababu haivunjiki.

Kisha akasema, bado uso ukutani, "Usinambie tena kitu hujakijua." Nimempa hilo. Ndilo pekee ninaloweza kulilipa.

Jumatatu, 30 Machi

Mkuu amekubali. Kwa sharti. Atafanya na wanaorudia. Mtahini anatoka bara, ana vyuo vingine vya kupitia, atafika wiki ya Aprili 13, siku haijulikani. Hatajulishwa mapema kuliko wengine. Mimi nisiingie chumbani. Hapatakuwa na nafasi ya tatu.

Nimeomba mambo mawili. Feni izimwe. Mtahini aambiwe kwamba binti hamwangalii mtu usoni na si dharau. Amekubali la kwanza upesi. La pili amelikubali huku akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nimemwambia Mwanakheri yote kama yalivyo. Wiki ile, siku sijui. Akauliza kama mtahini mwenyewe anajua. Sidhani. Akasema basi, na simu ikakatika. Nina hofu mno. Mtu asiyeweza kuvumilia siku mbili za mashaka tumempa tano.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimefika chuoni mapema na nimemkuta ameshafika. Koti jeupe, kitambulisho. Amekaa kwenye baraza ya ukumbi, chini ya ngazi. Hakuna aliyemwita. Nikamuuliza nani kakwambia uje leo?

Hakuna. Amefikiri mwenyewe. Kama siku haijulikani, kila siku ni siku. Atakuja kila siku, amevaa, tayari. Siku ikija itamkuta.

Nimeingia chumba cha walimu nikageukia ukutani ili wasinione. Miaka yote hii nafikiria namna ya kumsaidia.

Mtahini hakuja.

Jumanne, 14 Aprili

Masika yamepiga. Mji mzima maji, vichochoro vimekuwa mito. Mwanakheri kaja na koti ndani ya mfuko wa plastiki, akalivaa chini ya ngazi. Anajikuna kidogo. Nilimwona akihesabu kwa midomo. Hakuondoka mpaka mlango ulipofungwa.

Mtahini hakuja. Meli zimesimama, nasikia.

Jumatano, 15 Aprili

Leo alikuwa na hali mbaya. Alisimama, akakaa, akasimama. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaanza kumcheka, nikawatawanya. Nilitaka kumwambia kesho. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaufunga.

Mkuu alishuka ngazi. Yeye naye siku zote hizi anampita pale bila ya neno, na anajua kwamba najua anavyompita. Mwanakheri akainuka. "Shikamoo." Alikuwa anamwangalia viatu. Mkuu akaitikia, akawa anaondoka, kisha akarudi.

Nilidhani atasema inshallah kesho, kama desturi. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Leo hapana, mwanangu. Kesho sijui." Alisema kwa shida, mtu mzima asiyezoea neno hilo mbele ya mwanafunzi. Mwanakheri akakaa. Hakusimama tena mpaka jioni.

Alhamisi, 16 Aprili

Mtahini kaja asubuhi, nguo zimelowa, analalamikia bahari. Mwanamke, sikutarajia. Waliitwa mmoja mmoja. Mwanakheri aliingia, mlango ukafungwa.

Sikuruhusiwa kuwa karibu, nikaenda kukaa uani na Mzee Kombo. Alinipa kahawa, sikuweza kuinywa.

Alipotoka alinipita, akaenda mferejini kunawa mikono. Akanawa sana. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema dawa moja haikuwepo kabatini na alimwambia mgonjwa haipo, na hajui itakuja lini, aende duka jingine. Akauliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia mimi ningefanya hivyo, lakini sijui mtahini anavyosahihisha.

Akavua koti, akalikunja, akaondoka zake.

Ijumaa, 8 Mei

Matokeo. Mkuu kaniita ofisini, kanipa karatasi, akageukia dirisha. Nimelitafuta jina lake, nikalisoma, nikaweka kidole juu yake nikalisoma tena. Amefaulu. Si kwa alama nyingi. Kwenye kumpokea mgonjwa kapata kidogo sana, kwenye dawa kapata zote.

Nilipiga simu Kizimkazi kutoka uani. Bi Mize alipiga vigelegele mpaka nikaiondosha simu sikioni. Kisha nikasikia pumzi ya mtu mwingine.

Nikamwambia, Mwanakheri, umefaulu.

"Unajua, au unasema tu?"

Nikamwambia najua. Nimeliona jina lako kwa macho yangu, na mhuri chini yake.

Akasema basi, akakata simu. Ijumaa, watu wanakwenda msikitini. Nikaingia ndani kutayarisha kipindi cha mchana.